Vidonda vya mdomoni vinavyorudi kila mara: vitambue kwanza, kisha uvitibu

Swali: Nina umri wa miaka 29. Kila baada ya mwezi mmoja au miwili natokwa na vidonda viwili au vitatu mdomoni, mara ndani ya mdomo wa chini, mara chini ya ulimi. Vinauma mpaka nashindwa kula, halafu baada ya siku kama 10 vinapotea vyenyewe. Nimeshatumia antibayotiki, vidonge vya vitamini na maji ya chumvi. Wapo wanaosema ni vidonda vya tumbo, wapo wanaosema kinga yangu imeshuka. Sasa mwanangu wa miaka 3 ana homa tangu jana, na fizi na ulimi wake vimejaa vidonda. Je, nimemwambukiza? Na mimi nifanye nini nipone kabisa?

Jibu: Dada yangu, nianze na mtoto, maana hali yake haisubiri.

Hukumwambukiza kwa vidonda vyako, kwa sababu vyako haviambukizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, mtoto ana ugonjwa mwingine kabisa. Homa inayotangulia, fizi kuvimba na kuwa nyekundu, na vidonda vingi vidogo vinavyotokea kwa pamoja kwenye fizi, ulimi na midomo, hiyo ni picha ya maambukizi ya kwanza ya kirusi cha malengelenge ya mdomo. Huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5. Kirusi hiki hutoka kwenye mate ya mtu mwingine, mara nyingi mtu asiye na kidonda chochote kinachoonekana. Kama vidonda vyake vimekaa zaidi nyuma ya mdomo karibu na koo, na ana vipele kwenye viganja na nyayo, basi ni kirusi cha aina nyingine, chenye kuambukiza pia, na huisha chenyewe kwa wiki moja hivi.

Mpeleke akaonwe leo au kesho. Sababu ya haraka ni kwamba kwa malengelenge ipo dawa, asaiklovia ya kunywa, ambayo hufupisha ugonjwa ikianzwa ndani ya saa 72 za mwanzo. Ikichelewa hapo faida yake hupungua sana, na mtoto atapitia siku 10 hadi 14 za maumivu. Wakati huo huo mpe parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini usimpe kamwe. Jeli za kutia ganzi mdomoni pia usimpake: akizimeza nyingi zinaweza kuvuruga moyo na kuleta degedege, na zile zenye benzokeini zinaweza kuzuia damu isibebe oksijeni.

Kinachowalaza hospitali watoto hawa mara nyingi ni kukauka maji, kwa sababu wanakataa kunywa. Usimlazimishe kikombe kizima. Mpe kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, cha kinywaji cha baridi kisicho chachu, kila baada ya dakika chache, hasa nusu saa baada ya parasetamoli wakati maumivu yametulia. Asipokojoa kwa muda wa saa 8, akilia bila machozi, mdomo ukikauka au akiwa mlegevu na mwenye usingizi usio wa kawaida, hilo ni la hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Vyombo vyake vitengwe, asibusu watoto wachanga, na umnawishe mikono mara kwa mara, kwani vidole vikitoka mdomoni vikaenda kusugua jicho, kirusi kinaweza kuingia jichoni.

Jambo moja nakuomba ulishike kabla sijakugeukia wewe: dawa nitakayokutajia huko chini kwa ajili ya vidonda vyako, usimpake mtoto. Dawa hiyo hutuliza kinga ya mwili pale ilipopakwa, na kidonda cha kirusi kikipakwa kitu cha kutuliza kinga huenea zaidi. Ndiyo maana nasisitiza kutambua kidonda kwanza. Kinachomponya mmoja humdhuru mwingine.

Vidonda vyako ni vya aina gani

Vinaitwa vidonda vya afta. Karibu mtu 1 kati ya 5 huvipata wakati fulani wa maisha, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Dalili zake umezitaja mwenyewe bila kujua. Vinachagua sehemu laini za mdomo: ndani ya midomo na mashavu, chini ya ulimi, kingo za ulimi, kaakaa laini kule nyuma. Sehemu ngumu, yaani fizi iliyoshikamana na mfupa na kaakaa gumu, huziacha. Malengelenge yanayorudi hufanya kinyume chake: hupenda kaakaa gumu, fizi, na ukingo wa nje wa mdomo, na huanza kama vilengelenge vyenye maji kabla ya kupasuka. Afta haina lengelenge. Huanza kwa kuwaka au kuchonyota kwa siku 1 au 2, kisha doa jekundu, kisha shimo dogo la mviringo lenye utando wa rangi ya kijivu au njano katikati na ukingo mwekundu.

Utando huo wa njano si usaha. Ni protini ya damu iliyoganda juu ya jeraha, ikilifunika lipone. Watu wengi huusugua kwa mswaki au pamba wakidhani wanasafisha uchafu, na kila wanaposugua wanarudisha kidonda siku ya kwanza. Uache.

Afta ndogo huwa chini ya milimita 10 na hupona kwa siku 7 hadi 14 bila kovu, na hiyo ndiyo wanayoipata wengi, ukiwemo wewe. Ipo afta kubwa inayozidi milimita 10, yenye kina, inayokaa wiki nyingi hata miezi na kuacha kovu. Hiyo si ya kujitibu nyumbani. Na ipo ya tatu ya vidonda vya milimita 1 au 2, makumi kwa pamoja, vinavyoungana. Hii hufanana na malengelenge kwa macho, ila haina kirusi ndani yake.

Chanzo cha msingi ni kinga ya mwili yenyewe kushambulia ngozi laini ya mdomo. Chembe nyeupe za damu hukusanyika mahali pamoja, humwaga kemikali za uvimbe, na ngozi ya hapo hufa na kubanduka. Hakuna bakteria anayehusika, hivyo antibayotiki ulizomeza hazikuwa na wa kumuua. Ulipona kwa sababu siku 10 zilitimia. Asaiklovia nayo haina kazi kwenye afta. Wala dawa ya zambarau, GV, ambayo ni ya fangasi: ikiwa kali, yenyewe huweza kuchoma na kutoboa vidonda vipya.

Kuhusu vidonda vya tumbo, vile vya kawaida husababishwa zaidi na bakteria wa tumboni au dawa za maumivu, na havipandi mdomoni. Utumbo unaohusika na afta ni ule wenye magonjwa mengine, kama mwili kutopatana na protini ya ngano, au uvimbe wa muda mrefu wa utumbo. Hayo huja na kuhara kwa wiki nyingi, kupungua uzito, au damu kwenye choo. Kuhusu kinga kushuka, kuwa na afta ndogo peke yake si dalili ya VVU. Mwenye VVU ambaye hajaanza dawa anaweza kupata vidonda vikubwa, vyenye kina, vinavyogoma kupona. Hata hivyo kama hujapima, pima. Ni kipimo rahisi, na ukilijua jibu mawazo yanatulia.

Matibabu ya kidonda kilichopo

Dawa inayofanya kazi vizuri zaidi kwa afta ndogo ni steroidi ya kupaka, ndiyo ile dawa ya kutuliza kinga niliyosema usimpake mtoto, na iliyo maarufu ni triamsinoloni ya asilimia 0.1 iliyochanganywa kwenye dawa nzito ya kunata, maalumu ya mdomoni. Hakikisha ni ya mdomoni. Krimu ya ngozi yenye jina hilo hilo haishiki kwenye mate na haikutengenezwa kumezwa. Nchi nyingine huiuza kwa mfamasia, nyingine hutaka cheti cha daktari.

Wengi huipaka vibaya, wanasema haifai, wanaitupa. Namna sahihi ni hii. Subiri umalize kula na kupiga mswaki. Sukutua kwa maji. Vuta mdomo ili kidonda kionekane, kisha kikaushe kwa kukigusa kwa shashi au pamba safi, maana dawa haishiki mahali penye mate. Chukua dawa kiasi cha punje ya mchele kwenye ncha ya kidole au kijiti cha pamba na uibandike juu ya kidonda kwa kubonyeza taratibu. Usiisugue. Ukiisugua hugeuka chengachenga kama mchanga na kubanduka, ilhali ukiibandika hutoa utando laini unaoteleza. Usile wala kunywa kwa nusu saa. Paka mara 2 au 3 kwa siku, na ile ya mwisho iwe wakati wa kulala, kwa sababu usiku mate hupungua na dawa hukaa saa nyingi.

Muda wa kuanza una uzito kuliko idadi ya kupaka. Anza pale panapowaka tu, kabla shimo halijafunguka. Siku hizo 2 za mwanzo ndizo kinga inashambulia. Ukianza siku ya 5, ngozi imeshakufa na unachongoja ni kupona kwake, ambako dawa hii haikuharakishi sana. Zikipita siku 7 za kupaka bila nafuu, acha na ukaonwe. Ukiona utando mweupe wa fangasi unaokwanguka umetokea, acha pia. Hayo ni madhara ya steroidi mdomoni na yana dawa yake.

Vikiwa vingi, au viko mahali kidole hakifiki, daktari anaweza kukuandikia bitamethasoni inayoyeyuka: kidonge kimoja cha mikrogramu 500 kwenye mililita 20 za maji, unasukutua kwa dakika 3 hivi kisha unatema, mara 4 kwa siku wakati vidonda vipo tu. Kutema ni lazima. Anayemeza kila siku anajipa steroidi ya mwili mzima bila kukusudia.

Dawa ya kusukutua yenye klohekisidini ya asilimia 0.2 haizuii afta, ila huweka kidonda safi kisipate bakteria wa kukichelewesha, na hiyo ni faida hasa unaposhindwa kupiga mswaki vizuri kwa maumivu. Tumia mililita 10 kwa dakika 1, asubuhi na jioni, na acha nusu saa ipite kati yake na dawa ya meno, kwani dawa ya meno huidhoofisha. Usiiendeleze zaidi ya wiki 2 bila ushauri; hutia meno rangi ya kahawia, zaidi kwa wanywaji wa chai na kahawa. Rangi hiyo haitoki kwa mswaki wa kawaida, ila daktari wa meno anaweza kuisafisha.

Kwa maumivu, dawa ya kusukutua yenye benzidamini ya asilimia 0.15, mililita 15 dakika chache kabla ya kula, hufanya chakula kipite. Jeli ya lidokeini ya asilimia 2 hutia ganzi zaidi, lakini paka juu ya kidonda tu, kidogo, na usile mpaka ganzi iishe, usije ukajing'ata shavu ukafungua kidonda kingine au ukapaliwa.

Maji ya chumvi yana nafasi yake. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu ya mililita 250, unasukutua nusu dakika, mara 3 au 4 kwa siku. Yakichonyota sana, tumia magadi ya kuokea, kijiko 1 cha chai kwenye nusu kikombe cha maji. Hupunguza uchachu mdomoni na hayaumi. Lakini kubandika chumvi kavu, ndimu, siki, au kidonge cha aspirini juu ya kidonda ni kujichoma. Maumivu hupungua kwa muda kwa sababu ncha za mishipa ya fahamu zimeungua, na jeraha linabaki pana kuliko lilivyokuwa. Aspirini hufanya hivyo hata kwa anayeibandika karibu na jino linalouma.

Kuvizuia visirudi

Hapa ndipo jibu la “nipone kabisa” linapopatikana, na sitakudanganya: hakuna dawa inayofuta tabia hii ya mwili milele. Kinachowezekana, na kwa wengi hutokea, ni vidonda kuja mara chache, vikiwa vidogo na vya siku chache. Wengi pia hupumzika vyenyewe kadiri umri unavyosonga.

Anza na dawa ya meno. Soma viungo vyake. Ukikuta herufi SLS, au maneno marefu yenye lauri na salfeti, hicho ni kitoa povu, na kwa baadhi ya watu huondoa ute unaolinda ngozi ya mdomo. Badilisha upate isiyo nacho lakini yenye floraidi, na uitumie kwa miezi 3 kabla ya kutoa hukumu, kwa kuwa mtu mwenye vidonda kila baada ya miezi 2 hawezi kuona tofauti kwa wiki 2. Badilisha na mswaki uwe laini.

Kisha angalia mahali vinapotokea. Kikirudi palepale kila mara, tafuta kinachokwaruza: jino lililovunjika, ujazo wenye ncha, meno bandia yasiyokaa sawa, vyuma vya meno. Daktari wa meno hulainisha ncha hiyo kwa dakika chache na tatizo huisha. Vikihamahama kama vyako, sababu iko ndani ya mwili. Andika kwenye daftari tarehe kila kinapotokea, siku zako za hedhi, usingizi, msongo wa mawazo, na ulichokula siku 2 zilizotangulia. Kwa baadhi ya wanawake vidonda hufuata hedhi kwa uaminifu. Vyakula vinavyolaumiwa mara nyingi ni chokoleti, karanga, jibini, kahawa, nyanya na matunda machachu, lakini usikate vyote kwa pamoja ukabaki huna cha kula. Acha kimoja kwa wiki 4 uone. Wanaoacha sigara nao huweza kupata afta kwa wiki kadhaa. Wasirudie sigara kwa ajili hiyo, hupita.

Dawa unazomeza zitaje pia. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, nikorandili ya moyo, na alendronati ya mifupa ikiachwa iyeyuke mdomoni huweza kuleta vidonda. Methotreksati ndiyo ya kuogopa. Kwa ugonjwa wa viungo au wa ngozi humezwa mara 1 kwa wiki. Mtu akikosea akaimeza kila siku, vidonda vya mdomoni huwa dalili ya mapema kwamba uboho wa mifupa unasumishwa. Huyo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Halafu pima damu. Omba picha nzima ya damu, ferritini inayoonyesha akiba ya chuma, vitamini B12, na folati, yaani asidi ya foliki; ukiwa na dalili za utumbo nilizotaja, na kipimo cha kutopatana na ngano. Kwa mwanamke wa umri wako anayepata hedhi, akiba ya chuma kuwa ndogo ni jambo la kawaida mno, hata kabla damu haijapungua. Ikithibitika, vidonge vya chuma humezwa mbali na chai na kahawa, na huendelea kwa miezi 3 baada ya damu kurudi sawa ili akiba ijae. B12 hupungua kwa wasiokula kabisa vitokanavyo na wanyama, wanaotumia metifomini ya kisukari kwa miaka, na wanaomeza dawa za kupunguza asidi ya tumbo muda mrefu. Usianze folati peke yake kabla ya kujua B12 yako: damu inaweza kupanda vizuri huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya.

Vidonge vya vitamini mchanganyiko ulivyomeza vimewahi kulinganishwa na vidonge vitupu, na havikupunguza afta. B12 peke yake ni habari nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Israeli uliwapa watu wenye afta mikrogramu 1000 chini ya ulimi kila usiku kwa miezi 6. Vidonda na maumivu vilipungua, hata kwa wale ambao B12 yao ya damu haikuwa chini, lakini tofauti ilijitokeza mwezi wa 5 na wa 6. Watu waliopimwa walikuwa wachache, 58, hivyo siichukulii kama neno la mwisho. Ila ni dawa salama, na mtu anayesumbuka kama wewe anayo sababu ya kuijaribu kwa muda kamili baada ya vipimo, bila kukata tamaa mwezi wa pili.

Lini usingoje

Kidonda chochote kinachozidi wiki 3 kionwe na daktari, hata kama hakiumi, na hasa kama hakiumi. Saratani ya mdomo kwa kawaida huanza kwa ukimya pembeni mwa ulimi au chini yake, ikiwa na ukingo mgumu ukiushika kwa kidole, na hatari huzidi kwa wenye kutumia tumbaku ya kuvuta au kutafuna, pombe, na popoo. Hapo hukatwa kipande kidogo kikapimwe, na kwa kidonda cha namna hiyo mtu asikubali kupewa dawa ya kupaka mwezi baada ya mwezi bila kipimo hicho. Kidonda kimoja kisichouma, kigumu chini, kinaweza pia kuwa kaswende.

Nenda vilevile ukipata vidonda vya mdomoni pamoja na vidonda sehemu za siri, au macho mekundu yanayouma na kuona ukungu. Mchanganyiko huo aliueleza daktari Mturuki Hulusi Behçet mwaka 1937, ugonjwa unabeba jina lake, na ukicheleweshwa unaweza kupofusha. Homa pamoja na vidonda kwa mtu mzima, michubuko isiyo na sababu, au uvimbe shingoni usioisha, navyo ni vya kuonwa wiki hiyo hiyo.

Ukienda, usiende mikono mitupu wala mdomo ukiwa umepona. Nenda siku kidonda kipo wazi. Ukishindwa, kipige picha kwenye mwanga wa jua kando ya rula ili milimita zionekane, uibebe na daftari lako la tarehe na pakiti za dawa zote unazotumia, ikiwemo dawa ya meno.